Uzito wa Bomba la Kumi na Moja

Msomaji mmoja amemwandikia mhariri kwamba mtu kama mimi anastahili viboko hadharani. Mhariri alinipigia simu akanisomea ujumbe wote, hakuruka hata neno. Namwomba ndugu yangu huyo amalize kwanza kusoma ya leo, maana viboko alivyonipangia ni vichache.

Kwa aliyelikosa gazeti la juma lililopita, mambo yalikuwa hivi. Kazi yangu ni kupima mabomba. Nikisema mabomba usifikirie yale ya jikoni kwako. Nasema chuma cha mita kumi na mbili ambacho mtu mzima anaweza kutambaa ndani yake, yale yanayofukiwa ardhini kupeleka maji mjini.

Napima urefu, napima mzunguko, napima unene wa chuma. Kisha napiga hesabu ya uzito na kuuandika kwa chaki ubavuni mwa bomba. Dereva wa kreni akiiona namba yangu ananyanyua, haulizi. Pale kazini wananiita Kompyuta, na jina hilo nililipenda sana.

Bomba la kumi na moja sikulipima. Niliandika 1,425, namba ya wenzake kumi waliotangulia, nikaenda zangu kunywa chai. Lilipokuwa hewani, kreni iliinua matairi ya nyuma. Bomba likashuka kwa kishindo likamkuta shemeji yangu, mume wa dada yangu, ambaye kazi yake ni kufunga mizigo kwenye kreni.

Mguu wake wa kulia ulikatwa juu ya goti. Dereva, mzee tunayemwita Taratibu, aliwekwa rumande jioni ileile kwa kosa la uzembe.

Hapo ndipo nilipoishia. Ila nilificha jambo moja. Sikuwaambia kwa nini sikulipima, kwa sababu niliona haya.

Ni hivi. Kila bomba huja na kifuniko cha plastiki mdomoni, kigumu, kimebanwa kiwandani. Ukitaka kupima unene lazima ukibandue. Kile cha bomba la kumi kilinivunja ukucha wa kidole gumba, damu ikatoka. Nikakitazama kifuniko cha la kumi na moja, nikakitazama kidole changu, nikasema potelea mbali.

Basi. Mguu wa mtu umekwenda kwa sababu ya ukucha.

Tuna utaratibu wetu pale, hauko kwenye kitabu chochote. Tunauita kupima kwa udugu. Mabomba yaliyoshushwa kutoka lori moja tunayahesabu kuwa ndugu wa tumbo moja. Unapima la kwanza, la pili, ukiona yanafanana unayapa mengine namba ileile. Kila mpimaji anafanya hivyo na hakuna anayekiri.

Tatizo ni kwamba bomba nene na bomba jembamba huwa na kiuno kimoja kwa nje. Chuma kikiongezeka, kinaongezeka kwa ndani. Ukisimama ubavuni huwezi kutofautisha. Lile la kumi na moja lilikuwa limeagizwa kwa ajili ya kupita chini ya barabara kuu, malori yapite juu yake, na mtu fulani ghalani alilipakia pamoja na mengine. Ndugu wa kambo, kwa kusema hivyo.

Sasa tuendelee.

Jumatatu, siku ya sita tangu ajali, Injinia aliniita ofisini. Kwenye kiti cha wageni alikaa mama mmoja mwembamba, miwani shingoni, faili mapajani.

"Huyu ndiye Kompyuta," Injinia alimwambia. "Kompyuta, mama huyu ni mkaguzi. Ametumwa kuchunguza ajali."

"Shikamoo, mama," nikasema.

"Marahaba. Pole kwa matatizo. Nimeambiwa majeruhi ni shemeji yako."

"Ndiyo, mama. Kamuoa dada yangu."

"Basi nitakuomba ufanye kazi ngumu kidogo." Akafungua faili. "Dereva anadai bomba lilikuwa zito kuliko namba iliyoandikwa. Mizani ya kupimia kitu kama kile hapa hamna. Nataka lipimwe upya, mbele yangu."

"Nani atalipima?" nikauliza.

Injinia akanishangaa. "Nani tena? Wewe ndiye mpimaji."

Wasomaji wangu, mimi nilifikiri wataleta mtu kutoka nje. Siku sita nzima nilikuwa namsubiri mtu huyo. Nilikuwa nimeshapanga hata namna nitakavyoinamisha kichwa atakapoitaja namba ya kweli. Badala yake walinipa tepu na kalipa, kile chuma cha kupimia chenye midomo miwili, wakaniambia nitangulie.

Bomba lilikuwa palepale lilipoangukia, limebonyea katikati. Chaki yangu ilikuwa bado inasomeka: 1,425. Chini yake mchanga ulikuwa umepigwa koleo kufunika damu. Kifuniko kilikuwa kimebanduliwa, kimetupwa pembeni. Nikadhani waokoaji ndio waliokitoa.

"Anza na urefu," mkaguzi akasema.

Alishika ncha ya tepu mwenyewe, bila kujali viatu vyake. "Mita kumi na mbili kamili," nikasema. Akaandika.

"Upana?"

"Tunaupata kwa mzunguko, mama." Nikaizungusha tepu kiunoni mwa bomba, nikaikutanisha. "Milimita elfu moja mia tisa na kumi na sita. Gawa kwa tatu nukta moja nne, unapata mia sita na kumi."

"Unagawa kichwani?"

"Nimezoea."

Alitabasamu kidogo. Alikuwa amenipenda, na hilo lilinitia hofu kuliko kama angenichukia.

"Sasa unene."

Nikapiga magoti mbele ya mdomo wa bomba. Mimi nimeshika maelfu ya midomo ya mabomba, na hata kabla kalipa haijagusa chuma nilikwishajua. Kile kilikuwa chuma cha milimita kumi na mbili. Ndugu zake walikuwa na nane.

Ngoja niwaeleze kitu kimoja cha kazi, msinichoke. Mdomo wa bomba haukatwi wima. Unakatwa mshazari, ili fundi wa kuchomelea apate nafasi ya kujaza moto wake. Kwa hiyo pale mwishoni kabisa chuma ni chembamba, na kinanenepa kadiri unavyoingia ndani. Mpimaji wa kweli anaisukuma kalipa ivuke ule mteremko ndipo abane. Ukiibana juu ya mteremko, inasoma unachotaka wewe isome.

Niliibana juu ya mteremko.

Sikufikiri. Nitasema kweli, sikupanga. Mkono ulikwenda wenyewe, ukatafuta pale penye nane, ukapapata.

"Ngapi?"

"Nane."

Akavaa miwani, akainama, akasoma mwenyewe. Kalipa ilisema nane. Chuma cha kupimia hakina kosa, kosa lilikuwa mahali nilipokiweka.

"Nane," akasema, akaandika. "Nionyeshe hesabu."

Nikachukua chaki nikaandika juu ya bomba lenyewe. Mia sita na kumi toa nane, mia sita na mbili. Zidisha kwa nane, elfu nne mia nane na kumi na sita. Zidisha kwa ile namba ya chuma tunayoikariri wote, sifuri nukta sifuri mbili nne sita sita. Kilo mia moja na kumi na nane na robo tatu kwa kila mita. Mara kumi na mbili.

"Elfu moja mia nne na ishirini na tano," nikasema.

Tukaitazama namba mpya na ile ya zamani. Zilifanana kabisa.

"Kulikuwa na maji ndani? Tope?"

"Hapana, mama. Lilikuwa kavu. Likijaa linachukua lita elfu tatu mia tatu na ushee, hapo lingekuwa zito kweli."

Hata lita zile zilikuwa za uongo. Unene ukishaudanganya, ujazo nao unadanganyika, kwa kuwa chuma kinakula nafasi ya maji. Lakini nilizitaja bila kusita, kwa ile sauti yangu ya Kompyuta, na Injinia akatikisa kichwa kwa fahari.

"Kreni, kwa umbali ule ilionyoosha mkono, inamudu kilo ngapi?" mkaguzi akamuuliza.

"Elfu moja mia saba."

"Kwa hiyo haikuzidiwa."

"Haikuzidiwa. Mzee alivuta vibaya, mama. Umri."

Mkaguzi akafunga faili. Hesabu ya kweli nilikwishaipiga kichwani, sikuweza kujizuia. Milimita kumi na mbili inatoa kilo elfu mbili mia moja na ishirini na tatu. Kreni ilizidiwa kwa zaidi ya kilo mia nne. Ile kreni ni kuukuu, king'ora chake cha kulalamikia uzito kilikufa zamani, na hakuna dereva duniani ambaye angeizuia isiinuke.

Injinia alinipa ruhusa niende hospitali.

Wodi ilikuwa na vitanda kumi na sita na feni mbili, moja mbovu. Shemeji alikuwa kitanda cha sita. Shuka lilikuwa limelala bapa upande wa kulia, na kila nilipoingia nilijikuta nikitazama hapo kwanza kabla ya uso wake.

"Dada yuko wapi?"

"Kaenda dirisha la dawa. Kuna foleni." Sauti yake ilikuwa imekauka. "Sogeza kiti. Afadhali hayupo, nina neno na wewe."

Nikasogeza kiti.

"Nililiona," akasema.

"Uliona nini, shemeji?"

"Mdomo wa bomba. Nilibandua kifuniko ili nifunge kamba ya kuongozea. Nikaona chuma kile. Miaka kumi na minne nafunga mabomba, macho yangu yanajua. Nikasema hili si la elfu na mia nne."

Kumbe kifuniko alikitoa yeye.

"Mbona hukusema?"

"Ningesemaje? Injinia alikuwa amesimama hatua tatu kutoka pale. Nipige kelele mbele ya watu wote kwamba Kompyuta kakosea? Halafu jioni nikakae na dada yako nimwambie nimemuaibisha mdogo wake?" Akavuta pumzi. "Nikajiambia labda wewe unajua nisichokijua. Namba yako ilikuwa pale. Nikafunga mkanda."

Yule bwana alikuwa ameuona uzito kwa macho yake, akaenda kusimama chini yake, kwa ajili ya heshima yangu.

"Uliandika kwa udugu, sivyo?"

"Ndiyo."

"Nilijua." Hakukasirika. Afadhali angekasirika. "Sikiliza. Jumamosi polisi walikuja hapa. Nimewaambia Mzee Taratibu alivuta kwa pupa."

"Ni kweli?"

"Taratibu? Pupa?" Alitaka kucheka, maumivu yakamkatiza. "Yule mzee anashusha bomba kama anamlaza mtoto. Nimemsingizia. Nimekaa hapa naona mguu haupo, nikasema basi, umekwenda mmoja, usiende na mtu mwingine wa nyumba yangu. Watoto wanakutegemea wewe sasa, mjomba wao. Kukosea kila mtu anakosea. Ukifungwa wewe, dada yako atazika wawili tukiwa hai."

Nitakiri na hili. Nilifurahi. Moyo wangu ulipoa, mabega yakashuka, nikauona mlango umefunguka. Nikaona tumeungana, yeye na mimi, na jambo limekwisha. Kwa hiyo nikafungua mdomo wangu.

"Basi usiwe na wasiwasi, shemeji. Hata leo mkaguzi kaja, nimelipima tena mbele yake. Nimempa nane."

Akanigeukia polepole.

"Umelipima?"

"Ndiyo."

"Kwa kalipa?"

"Nimeibana kwenye mshazari. Hakugundua. Namba imetoka ileile."

Yule mgonjwa wa kitanda cha saba alikuwa anakohoa, na ile feni mbovu inagongagonga. Shemeji alinitazama muda mrefu.

"Mimi," akasema, "nilimdanganyia mtu aliyekosea."

"Shemeji—"

"Aliyekosea. Wewe leo umekiona kile chuma, umekishika, umejua, ukasema nane."

"Ulitaka niseme nini? Wewe mwenyewe umesema—"

"Najua nilichosema. Nilisema kabla hujaniambia." Akafumba macho. "Nenda. Nimechoka, nataka kulala."

Mlangoni nilikutana na dada, mkononi ana mfuko wa dawa. Dada huyu ndiye aliyenilea tangu nikiwa na miaka saba. Alinishika shavu kama alivyonishika siku zote.

"Ahsante kwa kuja, mdogo wangu. Sijui ningefanya nini bila wewe."

"Usijali, dada."

"Umekula?"

"Nimekula."

Nilidanganya hata hapo. Siku ile uongo ulikuwa unanitoka kama jasho.

Sijafika kituo cha basi, simu ikalia. Ilikuwa polisi. Mkaguzi amewapelekea vipimo, wanataka nipite kituoni kwao nitie saini kwamba ni vyangu. Si jambo kubwa, dakika tano tu.

Nikapita.

Afisa aliyenipokea alikuwa mtu wa makamo, mpole, meza yake imejaa vikombe. Akanisogezea karatasi, kisha akaizuia kwa kidole.

"Kabla hujasaini. Mzee wenu ana ombi. Anataka akuone."

"Mimi? Ananitakia nini?"

"Hajasema. Tangu aletwe hapa amekataa kukiri. Leo nimemwambia bomba limepimwa upya, akauliza aliyepima ni nani. Nikamwambia ni wewe. Akasema mleteni, nikishazungumza naye nitasaini."

Kabla sijakataa walishamwingiza.

Walikuwa wamemnyang'anya mkanda wa suruali, kwa hiyo aliingia ameishikilia kwa mkono mmoja. Mzee Taratibu, ambaye sikuwahi kumwona bila kofia yake wala bila shati lililopigwa pasi. Ndevu nyeupe zilikuwa zimemwota. Alipoketi aliiachia suruali, akaiweka mikono yake miwili juu ya meza.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mgonjwa anaendeleaje?"

"Anaendelea vizuri. Leo ameongea."

"Nashukuru. Nilikuwa namuuliza kila askari hapa, hakuna anayejua. Nimekusumbua kuja. Nina jambo moja tu."

"Sema, mzee."

"Nimekaa humu siku sita, kila siku nalinyanyua lile bomba. Nalinyanyua hivi, nimefumba macho." Akaviinua viganja vyake sentimita chache juu ya meza. "Mikono inaniambia tani mbili na zaidi. Chaki yako inasema tani moja na nusu haifiki. Mimi nimenyanyua kwa mikono hii miaka thelathini na moja, nayo haijanidanganya. Lakini na wewe hujawahi kunidanganya. Nimenyanyua namba zako mwaka wa nane huu, kila moja ilikuwa sawa. Sasa sielewi."

Afisa alikuwa anakoroga chai yake. Nilitazama kijiko kikizunguka.

"Leo wewe ndiye uliyepima?"

"Ndiyo, mzee."

"Kwa mkono wako?"

"Kwa mkono wangu."

"Na siku ile? Kabla hujaandika ile namba, ulilipima?"

Nikarudisha macho kwenye kijiko.

"Sikuulizi kama polisi, mwanangu. Wala sikutegi. Nauliza kwa ajili yangu mwenyewe. Ukiniambia ulilipima, mimi nimekwisha. Mikono imezeeka bila kuniambia. Na mtu ambaye mikono yake imezeeka hana haki ya kupitisha chuma juu ya vichwa vya watoto wa wenzake. Nitasaini hapa, nipewe adhabu yangu, sitaki hata wakili. Lakini nataka nilisikie kwako, kwa sababu naamini chaki yako kuliko mikono yangu."

Wasomaji wangu, hakuna aliyenishikia kisu. Afisa hata hakuwa anasikiliza. Nilikuwa na nafasi pana kabisa ya kusema hapana, mzee, mikono yako haina kasoro, nilivunjika ukucha. Maneno hayo nilikuwa nayo mdomoni.

Nikamfikiria dada. Nikawafikiria wale watoto. Hapana, nadanganya tena. Niliwafikiria baadaye, nilipokuwa nikitafuta cha kujitetea. Pale mezani nilijifikiria mimi, na ile rumande, na kuishikilia suruali kwa mkono mmoja.

"Nililipima, mzee."

Aliitazama mikono yake. Aliigeuza, akaitazama na upande wa pili.

"Haya," akasema.

Afisa akampa kalamu. Alisaini taratibu, herufi moja baada ya nyingine, kama alivyofanya kila kitu maishani mwake. Kisha akasukuma karatasi mbele.

"Nilidhani bado nina miaka mitatu minne," akasema. "Mwambie mgonjwa namwomba radhi sana. Mwambie sikujua kama nimeisha. Ningejua ningeshuka mwenyewe."

Akasimama, akaishika suruali yake, wakamtoa.

"Mzee mwungwana," afisa akasema. "Keshokutwa tunampeleka mahakamani. Saini hapo chini, kwenye jina lako."

Nilishika kalamu ileile, ilikuwa bado na joto la mkono wake. Sikuweza. Nikasema nahisi kichefuchefu, ngoja nipate hewa kidogo, narudi. Afisa akasema hamna shida, karatasi haikimbii.

Nikatoka nje. Kwenye benchi la saruji, chini ya ukuta wa kituo, dada yangu alikuwa amekaa.

Alikuwa bado na ule mfuko wa dawa. Alikuwa amemuuliza Injinia kwa simu niko wapi, akaja moja kwa moja kutoka hospitali, kwa miguu, viatu vyeupe kwa vumbi. Hakuinuka aliponiona.

"Dada, unafanya nini hapa? Mgonjwa umemwachia nani?"

"Yeye ndiye aliyenituma," akasema. "Ameniambia yote."

Nikashika ukuta.

"Yote yapi?"

"Mdogo wangu, usinifanyie hivyo. Yote ni yote. Kifuniko. Namba ya udugu. Uongo aliowaambia polisi, na nane yako ya leo." Alizungumza kwa sauti ya chini, hakuwa analia. Alikuwa ameshamaliza kulia mahali fulani njiani. "Alitaka aitiwe askari palepale wodini. Nimemwomba anipe saa moja. Nimesema mdogo wangu namjua, nimemlea mimi, akipewa nafasi atasema mwenyewe. Nimemwapia mume wangu hivyo, na mguu wake hauna siku saba tangu ukatwe."

"Dada, wakinifunga mimi, nani atawalea wale watoto?"

"Mzee yule hana watoto?"

Nikautazama ule mfuko wa dawa.

"Nimekuuliza. Umetoka humo ndani sasa hivi. Umeonana naye?"

"Nimeonana naye."

"Umemwambia?"

"Ameshasaini, dada. Amekiri kosa."

"Amekirije kosa ambalo si lake?"

Nilitamani ardhi inimeze. "Aliniuliza kama nilipima. Nikamwambia nilipima. Akaamini."

Dada yangu hakunipiga. Utotoni alinipiga kwa mambo madogo kuliko hayo, kwa kuvunja sahani, kwa kuchelewa kurudi. Alinitazama tu, na macho yale sijawahi kuyaona kwake, ni macho anayomtazamia mtu asiyemfahamu.

Kisha akasimama, akakung'uta vumbi kwenye sketi yake, akapanda zile ngazi tatu za kituo. Nilimfuata hadi mlangoni bila kujua kama namfuata au namzuia.

Askari wa mapokezi aliinua kichwa kutoka kwenye daftari lake, akatuona tumesimama, mmoja nyuma ya mwingine.

"Mmekuja kutoa maelezo? Mko wangapi?"

Dada alinigeukia mimi, akasubiri.